Nyongo Inapogeuka Jiwe

Sisi watu wa pwani nyongo twaitaja kila siku, na kila tukiitaja twaitaja kwa ubaya. Mtu mwenye kinyongo ni mtu asiyesamehe. Dawa isiyomezeka huambiwa ni chungu kama nyongo. Jikoni nako haina heshima: anayempasua kuku, jambo la kwanza alitafutalo ni kile kifuko kidogo cha kijani kilichogandama na ini, akitoe kizima, maana kikipasuka ini lote limeharibika. Kikishatoka hutupwa, na hata paka hukipita. Lakini hiyo nyongo yetu wenyewe, tunayotembea nayo ubavuni, wachache huifikiria mpaka siku inapogeuka jiwe. Nami nimeona safari hii niiandikie, kwa kuwa maradhi haya yamezidi majumbani mwetu na wengi wanayaita kwa jina lisilokuwa lake.

Wazee waliosoma tiba ya Kiarabu hawakuidharau nyongo. Katika tiba ile ya zamani, iliyopokewa kutoka kwa Wayunani na kupangwa na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Qanun, mwili ulihesabiwa kuwa na maji manne: damu, belghamu, safra na sauda. Safra ndiyo nyongo ya manjano, na afya ilikuwa ni kule kulingana kwa hayo manne. Neno lenyewe limebaki kwetu kwa sura ya safura, ingawa limehama maana likawa jina la maradhi ya minyoo na kupungukiwa na damu. Hesabu ya maji manne imekwisha kuachwa na matabibu, lakini jambo moja walilolijua mabingwa wale limesimama mpaka leo, nalo ni kwamba nyongo ikizibiwa njia yake mtu hugeuka manjano.

Tiba ya leo yasema hivi. Ini hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita mpaka lita moja kwa siku. Nyingine huenda moja kwa moja utumboni, na nyingine huwekwa akiba katika kifuko kilicho chini ya ini, upande wa kulia. Kifuko hicho kwa kawaida hakichukui zaidi ya mililita 50, kama vijiko vitatu vya mezani, lakini huinyonya maji ile nyongo mpaka ikawa nzito mara 5 au 10 kuliko ilivyotoka inini. Mafuta yakiingia utumboni, yawe ya samli, ya tui au ya nyama, utumbo hupeleka habari kwa njia ya damu. Kifuko hujikamua, nyongo humwagika na kuyavunjavunja mafuta yale kama sabuni inavyovunja mafuta ya sufuria.

Ndani ya nyongo mna kolesteroli, ambayo ni aina ya mafuta isiyokubali kuyeyuka kwa maji. Chumvi za nyongo ndizo zinazoishikilia isitengane. Ikizidi kuliko zile chumvi, au kifuko kikawa kivivu, nyongo ikalala humo bila ya kumwagwa, kolesteroli hujitenga. Kila aliyewahi kutengeneza sharubati anajua: sukari ikizidi haiyeyuki tena, hutua chini ya jagi. Huanza kama matope, kisha punje, kisha jiwe. Viko vijiwe mfano wa mchanga, viko mfano wa mbegu za papai, na kuna jiwe moja peke yake lililofika ukubwa wa yai.

Barazani nimesikia mengi. Ati ni mchanga wa mchele usiochaguliwa vizuri; ati ni maji ya visima vyetu yenye chokaa; ati ni kokwa za ubuyu alizozimeza mtu utotoni. Hakuna hata moja. Kiliwacho hupita tumboni na utumboni mpaka kikatoka, hakina mlango wa kukipandisha kifukoni. Wala hivi si vile vijiwe vya figo, ijapokuwa jina linafanana. Na wako wasemao kuwa ni jicho la mtu. Jicho katika dini yetu lipo, simbishi mtu. Lakini anayesomewa hakukatazwa kwenda kupigwa picha ya tumbo siku hiyo hiyo.

Wanafunzi wa udaktari wa Kizungu walifundishwa tangu zamani kumtambua mgonjwa wa vijiwe kwa maneno manne ya Kiingereza, yote yakianza kwa herufi F. Kwa lugha yetu maana yake ni mwanamke, mnene, mwenye miaka arubaini, mwenye kuzaa. Maneno hayo yana kejeli ndani yake, nami siyapendi, tena yamewapoteza madaktari wengine, kwani wanaume hupata, wembamba hupata, na wasichana hupata. Hata hivyo hayakutungwa bure. Katika miaka ya kuzaa wanawake hupata vijiwe kama mara mbili ya wanaume, au zaidi, na sababu yake inajulikana.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo penye dhara kubwa kwetu. Mwanamke akishika mimba, homoni moja hulifanya ini litie kolesteroli nyingi zaidi katika nyongo, na homoni nyingine hukilegeza kifuko kisijikamue sawasawa. Kwa hiyo nyongo huzidi mafuta na huzidi kulala, yote mawili kwa wakati mmoja. Waja wazito wengi hupata matope ya nyongo bila ya kujua. Akishajifungua, aghalabu matope hujiyeyukia yenyewe na mambo yakaisha. Lakini si kwa wote, na mimba ikifuata mimba hatari huongezeka.

Sasa tazama tunavyomtunza mzazi. Arubaini nzima hatembei. Analetewa supu ya kuku, uji wa pilipili manga uliomwagiwa samli, na kila mgeni aingiaye ana sahani mkononi. Ni mapenzi hayo, na mzazi anastahili kula. Ila kama kifukoni mmebaki vijiwe, kila bakuli la samli ni amri kwa kifuko kijikamue, na kijiwe kinakwenda kuziba mlango. Maumivu yanakuja usiku wa manane, mama wa watu anajikunja kama kamba mti, na mkunga aliyekaa pembeni anasema neno moja: chango. Chango la uzazi lipo, tumbo la uzazi linaporudi mahali pake huuma. Lakini chango huuma chini ya kitovu. Maumivu ya nyongo huanzia kwenye chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia, hupanda mpaka kwenye fupa la bega la kulia, humtia mtu kichefuchefu na jasho, hukaa nusu saa au saa kadhaa, kisha huondoka kama hayakuwako. Asubuhi mgonjwa anafagia. Kwa sababu hiyo husahauliwa mpaka siku nyingine.

Dada wa mke wangu alikaa hivyo miaka 3. Yalimwanza baada ya kuzaa mtoto wake wa tatu. Alipewa mizizi ya chango akainywa, alisomewa, zahanati moja ikampa dawa za vidonda vya tumbo, akamaliza, akapewa tena. Siku moja nilipokwenda kumjulia hali akaniambia, "Shemeji, hivi ni vidonda gani hivi vinavyongoja mpaka nile biriani?" Nikamwambia swali hilo asiniulize mimi, amuulize daktari. Akamuuliza daktari wa nne, mama mmoja wa makamo, ambaye hakuandika dawa yoyote. Alimlaza kitandani, akambonyeza chini ya mbavu za kulia, akamwambia, "Vuta pumzi, mama." Pumzi ikamkatikia njiani. Akapelekwa altrasaundi, ile ile picha ya mawimbi ya sauti aliyopigwa alipokuwa mja mzito, ila safari hii kifaa kilipandishwa ubavuni. Vijiwe havikuhesabika. Picha yenyewe haiumi na haichukui hata nusu saa.

Tuje kwenye unene. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyekuja Kenya mwaka 1929 na baadaye akatibu Uganda kwa miaka mingi, na mwenzake Denis Burkitt wa Ireland, aliyefika Uganda mwaka 1946, walishangazwa na jambo moja. Maradhi yaliyojaza hospitali za kwao, nayo ni pamoja na vijiwe vya nyongo, kisukari na kuziba kwa mishipa ya moyo, katika Waafrika waliowatibu yalikuwa nadra mno. Mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya jambo hilo, na hoja yao ilikuwa kwamba tofauti imo chakulani: huku watu walikula nafaka na pumba zake, mizizi, kunde na majani, na kule walikula unga uliokobolewa mpaka ukawa kama poda, na sukari. Si kila walilolisema limethibiti kama walivyolisema. Lakini nani miongoni mwetu asiyeyaona yale waliyoyakuta kwao yakiwa leo yako Majengo, Malindi na Lamu?

Bibi zetu walikula nazi. Nalisema hili kwa sababu siku hizi kila anayetoka kwa daktari huja akiilaumu nazi peke yake. Walikula nazi na samaki na muhogo, na mkate wa mofa wa mtama, na mchicha, na mbaazi, na wali ulikuwa ni wa siku maalumu. Kisha walitwanga kinuni, wakateka maji kisimani, wakaenda shamba kwa miguu wakarudi kwa miguu. Leo asubuhi ni mahamri na chai ya sukari nyingi, mchana ni wali, jioni ni chipsi na soda, na kutoka nyumbani kwenda sokoni, mwendo ambao zamani watoto waliukimbia, ni tuktuk. Mwili unene huzidisha kolesteroli katika nyongo, na kisukari nacho, ambacho kimetuingia kila nyumba, huongeza hatari hiyo. Washairi wa pwani tangu zamani wamemsifu mwanamke aliyejaa, na bi harusi kwetu hulishwa ili apendeze. Sitaki kuyagusa mambo ya uzuri, kila mtu na jicho lake. Nasema tu kwamba kifuko cha nyongo hakisikilizi mashairi.

Uchunguzi mkubwa wa wauguzi wa Marekani, ulioanza mwaka 1976, ulionyesha kuwa hatari ya vijiwe hupanda kadiri uzito unavyopanda, na kwamba waliokaa kitako saa nyingi walipasuliwa kwa wingi kuliko waliotembea na kufanya mazoezi. Asili ya mtu pia ina nguvu zake. Katika kabila la Wapima huko Arizona, wenyeji wa asili wa Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 1970 uliwakuta wanawake zaidi ya 7 katika kila 10, wenye umri wa miaka 25 hadi 34, wakiwa na vijiwe. Hiyo ni damu yao, iliyokutana na maisha mapya. Kwa hiyo mwenye mama au dada aliyepasuliwa nyongo naye ajichunge zaidi kuliko jirani yake.

Lipo na la kufurahisha. Mwaka 1999 wataalamu wa Harvard walieleza habari za wanaume wapatao 46,000 waliofuatwa kwa miaka 10. Waliokunywa vikombe 2 au 3 vya kahawa kwa siku walipata maradhi ya vijiwe kwa uchache, pungufu ya asilimia 40 kuliko wasiokunywa kabisa, na kahawa iliyotolewa ukali wake haikuleta faida hiyo. Wazee wa baraza nawaona mmenyanyua vichwa. Kumbukeni lakini kuwa kikombe cha Mmarekani kinajaza finjani zetu tatu, na kwamba hakuna aliyechunguza habari za kahawa tungu inayoshushwa kwa vipande vinne vya halwa.

Mwenye kusikia haya asikimbilie kujinyima. Nyongo hutaka kumwagwa. Anayejikondesha kwa ghafla, akapunguza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, humwaga mafuta ya mwili katika damu, ini likayatia nyongoni, na kwa kuwa hali kitu kifuko hakijikamui. Wengi waliojikondesha hivyo wamepata vijiwe ambavyo hawakuwa navyo walipokuwa wanene. Nusu kilo kwa wiki yatosha, na mafuta kidogo katika chakula si adui, ni ufunguo wa kile kifuko.

Juu ya mafuta ya zeituni nina neno. Siku hizi linaenezwa simu kwa simu dawa ya kufunga siku kadhaa kwa maji ya matunda, kisha usiku kunywa mafuta ya zeituni na maji ya ndimu, na asubuhi mtu aone chooni vijiwe vya kijani vimetoka. Na kweli hutoka vitu vya kijani. Mwaka 2005 madaktari wa mji wa Hamilton, New Zealand, walieleza katika jarida la Lancet habari za mwanamke wa miaka 40 aliyefanya hivyo akawaletea vijiwe vyake. Walivipima. Havikuwa na kolesteroli wala rangi ya nyongo, na vilipotiwa moto wa nyuzi 40 viliyeyuka vikawa mafuta. Ilikuwa ni sabuni, iliyofanyika tumboni kwa yale mafuta na ile ndimu. Vijiwe vyenyewe vilikuwa bado vimo kifukoni, vikaonekana kwa altrasaundi, akapasuliwa. Zeituni ni mti uliobarikiwa, na habasoda ina sifa yake, tule na tujipake. Lakini anayewauzia wagonjwa kwa ahadi ya kuyeyusha jiwe anawauzia sabuni. Tena glasi nzima ya mafuta kwa mtu mwenye vijiwe yaweza kukisukuma kimoja mpaka kikakwama mfereji.

Kuna vijiwe vya aina ya pili, vyeusi, ambavyo havina uhusiano na ulaji wala unene. Hutokana na chembechembe za damu zinazokufa mapema. Mwenye selimundu, maradhi ambayo pwani yetu inayajua sana na ambayo watafiti wa Kilifi wamewafuata watoto wake kwa miaka mingi, chembe zake nyekundu huishi siku 10 mpaka 20 badala ya 120. Rangi inayotoka katika damu hiyo huingia nyongoni na kuganda. Kwa hiyo mtoto wa selimundu anayelia tumbo upande wa kulia asiambiwe kila mara kuwa ni maumivu yake ya kawaida. Naye apigwe picha.

Si kila mwenye vijiwe ni mgonjwa. Wengi huishi navyo na kufa navyo bila ya kuvijua, na hao hawahitaji kupasuliwa. Mwenye kuumwa mara kwa mara ndiye anayeshauriwa kutolewa kifuko chote, kwani kuviondoa vijiwe peke yake ni kungoja vingine. Operesheni hiyo ilifanywa mara ya kwanza na Carl Langenbuch, mjini Berlin, Julai 1882, na mwaka 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, aliifanya kwa kupitisha vyombo katika matundu madogo badala ya kumkata mtu tumbo zima. Njia hii ya matundu iko leo katika baadhi ya hospitali kubwa za Kenya, na mgonjwa aghalabu hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Watu huuliza, mtu ataishije bila nyongo? Nyongo haitoki, ini laendelea kuitengeneza, ikawa inachuruzika moja kwa moja utumboni. Ngamia hana kifuko cha nyongo, wala njiwa hana. Shemeji yangu amekwisha kutolewa chake, na biriani anakula, ingawa si sahani mbili.

Asiyetakiwa kungoja ni huyu: mwenye maumivu yasiyoachia kwa saa nyingi, akapata homa na kutetemeka, au macho yake yakawa manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi na choo kikawa cheupe. Huyo kijiwe kimetoka kifukoni kikaziba njia kubwa, na chaweza kuliharibu ini au kuliwasha moto kongosho. Apelekwe hospitali usiku huo huo, asingojewe mganga, wala mume aliye safarini.

Imebaki Ramadhani, ambayo wengi wananiuliza. Kwetu funga ni saa 13 na zaidi kidogo, mwaka wote haipungui sana wala kuzidi. Anayekula mara ya mwisho saa tatu usiku akalala bila daku, mpaka magharibi ya pili kifuko chake kimekaa saa 21 na nusu hakijakamuliwa. Aliyekula daku saa kumi na nusu alfajiri, ni saa 14. Ile Sunna ya kuchelewesha daku ina faida hata kwa nyongo. Kisha adhana inalia, na badala ya tende na maji na kuswali kwanza, mkono unaingia kwenye viazi karai, sambusa, bajia na kaimati zote pamoja. Kifuko kilicholala mchana kutwa kinaamshwa kwa kishindo. Madaktari wa zamu wanawajua wagonjwa wa baada ya taraweh. Mwenye vijiwe vinavyomuuma amwone daktari wake katika Shaabani, amuulize kama anaweza kufunga, na akiambiwa asifunge, ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Baqara, aya ya 184 na 185, na siku atazilipa akishapona. Wengi hupasuliwa, wakapumzika, na Ramadhani ya mwaka unaofuata wakafunga pamoja na watu wote wa nyumba.